Mwanao anamaliza zoezi kabla ya wenzake? Namna ya kumsemea shuleni bila kugombana na mwalimu

Kila shule zinapofunguliwa Januari naulizwa maswali yaleyale. Nipo Mbuyuni nachagua nyanya, mama mmoja ananishika mkono: "Mama, wewe si uko kamati ya shule? Mwanangu yuko darasa la pili, anasoma mpaka gazeti, mwalimu anasema ni msumbufu. Nimhamishe?" Jioni baba mwingine anapiga simu, mwanawe kamaliza kitabu kizima cha Hisabati mwezi wa kwanza na sasa hataki kwenda shule. Nimechoka kujibu vipande vipande, ndiyo maana nimeyaandika yote hapa.

Nimekaa kamati ya shule moja ya msingi hapa Moshi miaka mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa mzazi wa kijana wa namna hiyo, na karibu kila kosa utakaloliona humu nimelifanya mimi mwenyewe. Nawaandikia hasa wenye watoto shule za serikali, zile za darasa moja watoto themanini na mwalimu mmoja. Wa shule binafsi mtachukua kinachowafaa.

Kwanza, usichanganye kipanga na mwenye kipawa

Kipanga anashika namba moja, mwandiko wake safi, mwalimu anampenda. Mwenye kipawa anaweza kuwa huyohuyo, lakini anaweza pia kuwa wa kumi na tisa. Wangu akiwa darasa la tatu alikuwa anaandika jibu bila kuonyesha njia, anakoseshwa. Nikamuuliza kwa nini haandiki njia. "Mama, hakuna njia. Nimeliona tu jibu." Alama zake zilikuwa za katikati miaka miwili, na mimi nikadhani ni mvivu.

Dalili zenyewe unazijua: anashika jambo kwa kuelezwa mara moja, anauliza maswali yanayokukera, akipenda kitu hakiachi, marudio yanamchosha mpaka anaharibu. Huhitaji cheti wala kipimo cha akili ili uanze. Unahitaji ushahidi wa kawaida, na ndio tunaoanza nao.

Viwe mkononi kabla hujaenda popote

- Daftari moja la kuandikia wewe mzazi. La bei rahisi linatosha.
- Madaftari ya mtoto ya muhula uliopita. Usiyafungie maandazi.
- Ripoti mbili za mwisho.
- Majibu ya macho na masikio kama hajawahi kupimwa. Hapa Moshi hospitali ya KCMC wana idara ya macho. Nimewaona watoto wawili walioitwa watundu kumbe ubao hawauoni, wanasikiliza tu na kukumbuka yote. Kichwa kilikuwa kinaficha macho.
- Ratiba ya darasa, ujue mwalimu yuko huru saa ngapi.
- Ombi moja. Nimesema moja. Tutalifikia.

Hatua ya 1: Andika wiki tatu, usiseme na mtu

Kila ukiona jambo, andika siku na kilichotokea. Usiandike "ana akili sana". Andika hivi, nanukuu daftari langu:

"Jumanne. Zoezi la kujumlisha, maswali kumi. Anasema alimaliza mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Akachora ndege nyuma ya daftari. Kachapwa kwa kuchora."

"Alhamisi. Kauliza kwa nini mwezi wa pili una siku 28. Sikujua. Kampigia babu yake Kibosho."

"Jumamosi. Dukani kahesabu chenji kabla ya mwenye duka. Kakosea mia mbili. Kakasirika, hajala mchana."

Umeona hiyo ya tatu? Andika na anapokosea, anapolia, anapogoma. Daftari la sifa tupu mwalimu atalifunga ukurasa wa kwanza. La pande zote mbili atalisoma.

Hatua ya 2: Muulize mtoto

Wengi wanairuka. Siku ya utulivu, mkichambua maharage au mkitembea kutoka kanisani au msikitini, muulize: ukimaliza kazi darasani unafanya nini? Somo gani linakuchosha? Ungependa mwalimu afanye nini? Na la muhimu: ungependa mimi nije shuleni?

Wangu alikataa kabisa. Aliogopa wenzake wataona anajidai. Tukakubaliana nije siku ambayo darasa lao liko michezo. Kama ningeenda bila kumuuliza, asingeniambia jambo la shule tena mpaka leo.

Hatua ya 3: Chagua ombi moja dogo

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda nimejaa. Nikasema mwanangu amewazidi wenzake, apewe vitabu vya darasa la juu, akae mbele, asichapwe, na ikiwezekana arushwe darasa. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa upole: "Mama, mzazi wa kumi wewe wiki hii. Wote watoto wao ni vipanga." Nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumtengenezea mmoja shule yake. Anachoweza ni kitu kisichomwongezea maandalizi wala madaftari ya kusahihisha usiku. Kwa hiyo chagua kimojawapo:

a) *Akimaliza, asome.* Mtoto abebe kitabu chake, akimaliza zoezi na likawa sahihi, anasoma kimya. Hili mwalimu hulikubali upesi kwa sababu na kelele zinapungua. Ukiwa mgeni wa mambo haya, anza nalo.

b) *Swali moja gumu badala ya kumi rahisi.* Darasa linafanya maswali ishirini ya kuzidisha; yeye afanye matano ya mwisho, kisha swali moja la kufikiri ulilokuja nalo wewe. Mfano niliompa wangu: mkungu wa ndizi mshare una vichane 8, kila kichane kina ndizi zisizopungua 12 wala kuzidi 15. Ndizi zote ni ngapi kwa uchache, na ni ngapi kwa wingi? Kisha panga bei ya kichane na bei ya ndizi moja, uniambie ni lini inalipa kuuza vichane, na lini inalipa kuuza moja moja. Jibu la kwanza ni 96 na 120, dakika moja limekwisha. La pili lilimchukua siku nne, akaenda sokoni kuuliza bei.

c) *Somo moja na darasa la juu.* Kipindi cha Hisabati tu anahamia chumba cha pili, kisha anarudi. Ratiba za madarasa hayo mawili lazima zilingane, ndiyo maana ulihitaji ratiba.

d) *Kazi ya mwezi.* Apime mvua kwa kopo nyuma ya nyumba masika yote, alete jedwali kwa mwalimu wa Sayansi. Mwalimu anaisahihisha mara moja tu.

Angalia sana: kazi ya ziada isiwe adhabu. Mtoto aliyemaliza maswali ishirini akiongezewa ishirini mengine ya aina ileile, wiki ya pili atajifunza kwenda polepole. Ana akili, lazima ajifunze hilo.

Na lipo kosa jingine linaloonekana zuri: kumfanya kaimu mwalimu. Anapewa ukiranja, anasahihisha madaftari ya wenzake, anawafundisha waliobaki nyuma. Mara moja moja ni vizuri, kumweleza mwenzako kunakuelewesha na wewe. Lakini wangu alisahihisha madaftari muhula mzima. Yeye hakujifunza kipya hata kimoja, na wenzake wakamchukia kwa sababu ndiye aliyekuwa anaandika majina ya wapiga kelele. Ukiambiwa "tumemfanya kiranja", shukuru, kisha urudi kwenye ombi lako.

Hatua ya 4: Nenda kwa mwalimu wa darasa

Usianzie kwa mwalimu mkuu. Ukianzia juu, mwalimu wa darasa atajua umemshtaki, na mtoto ndiye atakayelipa.

Wakati: wiki ya tatu au ya nne ya muhula. Asubuhi getini hapana, anawahi mstarini. Septemba shule nzima ina mtihani wa darasa la saba, na baadaye kuna upimaji wa darasa la nne. Miezi hiyo usiende na mambo ya mtoto mmoja. Tuma ujumbe siku mbili kabla, uombe dakika kumi na tano.

Siku yenyewe salimia kama watu wanavyosalimiana. Mtu mzima mpe shikamoo yake. Kijana mwenzako, habari za kazi mwalimu, poleni na majukumu. Halafu anza kwa kuuliza. Mazungumzo yangu ya pili, yale yaliyozaa matunda, yalikwenda hivi:

"Mwalimu, nimekuja unisaidie kumwelewa huyu kijana wetu. Wewe unakaa naye kuliko mimi. Ukiwapa zoezi yeye anakuwaje?"

"Huyu? Anamaliza haraka, halafu anaanza vurugu. Na mwandiko wake mama, hausomeki."

"Mwandiko kweli. Nimeuona, na nyumbani nimeanza kumwandikisha mistari mitano kila jioni. Hizo vurugu, huwa kabla hajamaliza au baada?"

Akafikiri kidogo. "Baada."

"Nilikuwa naomba tujaribu kitu. Akimaliza na yako sahihi, asome kitabu atakachokuja nacho. Akivuruga, mnyang'anye, nami nitamshughulikia nyumbani."

"Hicho tu?"

"Hicho tu, mwalimu."

Alikubali palepale. Neno "baada" alilisema yeye mwenyewe. Ningelisema mimi, lingekuwa ubishi.

Usiwataje watoto wa wenzako. Usiseme "darasa lenu liko chini". Na siku ya kuomba usibebe mkungu wa ndizi wala soda. Ombi halali litafanana na rushwa. Zawadi ipeleke mwisho wa mwaka, hadharani, kama mzazi mwingine yeyote.

Hatua ya 5: Jaribio la wiki nne

Kubalianeni tarehe ya kuonana tena, uiandike mbele yake. Katikati usimsumbue kila siku kwa simu. Mtoto awe na karatasi nyuma ya daftari; kila siku aliyopewa nafasi ya kusoma au swali gumu anaweka alama. Wiki nne zikiisha unazo alama, huna haja ya "nasikia hamfanyi".

Mkikutana, uliza mawili tu: vurugu zimepungua? Kazi ya kawaida imeshuka? Ikiwa ya kawaida imeshuka, kubali, mrekebishe. Mwalimu akiona unakubali upande wake, ombi la pili litakuwa rahisi.

Hatua ya 6: Sehemu yako wewe

Huwezi kumdai mwalimu vitabu wakati nyumbani hakuna hata kimoja. Maktaba ya mkoa ipo Moshi na ipo Arusha. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya madarasa yote, unavisoma kwa simu. Kinachokugharimu ni bando. Hapo ndipo pa kumpa cha darasa la juu bila kuomba ruhusa ya mtu. Msomeshe kwa lugha zote mbili. Sekondari atakutana na Kiingereza, na nimeona watoto wenye kipawa wakikwama kidato cha kwanza kwa lugha tu.

Wa Arusha mna Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye boma la Wajerumani, na ya Azimio la Arusha kule Kaloleni. Mpeleke Jumamosi na daftari, aandike maswali kumi yasiyojibiwa na maandishi ya ukutani. Maswali hayo ni kazi ya mwezi mzima.

Tuisheni? Mimi siipendi kwa watoto hawa. Nyingi zinarudia kilekile kilichomchosha asubuhi. Bora aende gereji ya mjomba akaone injini inavyofunguliwa.

Na vyombo aoshe. Kipawa hakimwondoi mtu kwenye zamu ya jikoni.

Hatua ya 7: Ikishindikana, panda ngazi kwa maandishi

Ngazi ni hii: mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu, kamati ya shule, Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi wa halmashauri. Usiruke hata moja, maana kila utakapofika utaulizwa, "Huko chini walisemaje?"

Ofisi hiyohiyo ya halmashauri muulizie pia afisa wa elimu maalumu. Watu wanadhani elimu maalumu ni ya wasioona na wasiosikia tu. Chuo cha Patandi, pale Tengeru, kinafundisha walimu wa elimu maalumu, na walimu hao wamefunzwa namna ya kuwapa watoto wa chumba kimoja kazi tofauti. Huenda shule yenu au ya jirani ina mmoja. Nusu saa na huyo ni bora kuliko vikao vitatu vya malalamiko.

Barua iwe fupi, nakala moja ubaki nayo, imegongwa mhuri wa kupokelewa:

"Mwalimu Mkuu,
YAH: OMBI LA KAZI ZA NYONGEZA KWA MWANAFUNZI WA DARASA LA TATU
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi tajwa. Kwa ushirikiano na mwalimu wa darasa tulijaribu kwa wiki nne kumpa kitabu cha kusoma anapomaliza zoezi. Matokeo yameambatishwa. Naomba sasa aruhusiwe kuhudhuria kipindi cha Hisabati cha darasa la nne, mara mbili kwa wiki, kwa muhula huu, kisha tutathmini pamoja. Niko tayari kufika shuleni siku utakayonipangia.
Wako katika ujenzi wa taifa,"

Usitishie waandishi wa habari. Usimtaje diwani. Kama umeandika "kwa ushirikiano na mwalimu wa darasa", iwe ni kweli.

Kuhusu kurushwa darasa

Hili naulizwa kuliko yote. Maoni yangu: liwe la mwisho. Elimu ya msingi yenyewe imefupishwa. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka mmoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Ukikata mwaka mwingine hapo unamfikisha sekondari, pengine bweni, akiwa mdogo mno.

Wengine wanataka haraka kwa ajili ya Ilboru. Shule za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora zote mbili, kwa miaka mingi zimechukua watoto kwa alama zao za mtihani wa kumaliza msingi. Aliyemaliza mapema hapewi nyongeza yoyote.

Shule ikikuambia "tumrushe" (za binafsi hupenda, inawapa sifa), uliza nani atarekebisha taarifa zake kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wenye namba ya kila mwanafunzi wa msingi. Wakisema "hiyo tutaona baadaye", kataa.

Yakikwama

*Mwalimu anasema "mbona hashiki hata namba moja?"* Toa madaftari, mwonyeshe majibu sahihi yasiyo na njia. Omba ampe mtoto swali moja kwa mdomo, palepale.

*Anachapwa kwa kuongea akimaliza kazi.* Kwa kanuni za mwaka 2002, viboko ni vya mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na havizidi vinne. Usiende na kanuni mkononi siku ya kwanza. Mweleze mwalimu mkuu kinachotokea, kwa tarehe, kutoka kwenye daftari lako. Kikijirudia, ndipo uitaje.

*Wenzake wanamwita profesa, wanamtenga.* Mtafutie kitu ambacho yeye ni wa kawaida: mpira, kwaya, skauti. Na wewe mwenyewe acha kumsifia mbele za watu. Bibi zetu waliogopa kijicho; mimi naogopa mtoto anayeogopa kukosea mbele ya wageni.

*Anagoma kazi ngumu, anasema hajui.* Amezoea kupata bila kuhangaika. Punguza ugumu nusu, ukae naye, na wewe ukosee mbele yake. Usimwambie "wewe una akili, huwezi kushindwa". Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya agome.

*Baba yake hataki, anasema unamdekeza.* Mpe daftari alisome peke yake. Usiligeuze kikao cha ukoo.

*Mwalimu aliyekuelewa amehamishwa.* Hutokea sana, hata katikati ya muhula. Kabla hajaondoka muombe aandike nusu ukurasa: nini kimefanyika, nini kimesaidia, nini hakikusaidia, asaini. Toa nakala mbili, moja mpe mwalimu wa taaluma aiweke kwenye faili la mtoto. Mwalimu mpya mpe wiki tatu za kumzoea, ndipo utume ujumbe wa kuomba dakika zako kumi na tano.